Damu Iliyolala na Samaki

Watu wa maabara walimwita Bi Pua, na jina hilo alilipata kwa haki. Akiingia asubuhi, kabla hajabadili viatu, alikwishajua nani amekula kitunguu kibichi, sinki lipi halikumwagiwa dawa, na kama kuna mrija wa damu uliovuja mahali. Alikunja uso, akainua mdomo wa juu mpaka ukakaribia kugusa ncha ya pua, kisha akatamka neno moja tu: "Kinyaa." Wenzake walicheka, lakini walijua kwamba baada ya neno hilo lazima mtu ashike ufagio au dekio.

Ajabu ni kwamba mwanamke mwenye kinyaa cha namna hii alikuwa ametumia miaka ishirini na miwili katikati ya vitu ambavyo watu wengine hawavitaji mezani. Alishapima vinyesi, makohozi, mikojo yenye rangi ya chai, na usaha uliotolewa mahali ambapo hata mwenye usaha alikuwa hapajui. Na kama hayo hayatoshi, aliolewa na mwanamume ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya mashimo ya vyoo. Mume huyo alikuwa na lori lenye tangi na mpira mnene kama paja. Akirudi nyumbani alivua nguo uani, akaoga kwa ndoo mbili na sabuni ya kipande, ndipo akaruhusiwa kuvuka kizingiti. Hakunung'unika. Aliwaambia majirani kwamba yeye na mkewe wamegawana uchafu wa mji mzima. "Mimi nachukua kwa tangi," alisema, "mama watoto anachukua kwa kijiko."

Utotoni kinyaa hiki kilimtesa. Hakuweza kula sahani moja na nduguze, kwa sababu aliona jinsi vidole vyao vilivyoingia mdomoni na kurudi kwenye chakula. Kikombe alichonywea mtu mwingine alikizungusha mpaka akapata ukingo ambao haukuguswa. Mama yake alimwona mtoto wa maringo, na shangazi zake walisema ataishi peke yake mpaka azeeke, maana bado hajazaliwa mwanamume asiyetoka jasho.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, dada yake mkubwa alipata jipu la paja, likavimba kama limau. Zahanati walimtumbua, na Bi Pua aliambiwa amshike dada mkono. Usaha uliporuka, wa manjano na wenye nyuzi za damu, Bi Pua alitapika juu ya viatu vya tabibu. Tabibu mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye sauti nene na asiye na muda wa kubembeleza mtu. Alivitazama viatu vyake, akapaka tone la usaha kwenye kioo, akalitia rangi, akamvuta msichana kwa kola mpaka kwenye hadubini. "Umenichafulia viatu," alimwambia. "Sasa tazama ulichokitapikia."

Aliona maelfu ya vijiduara, vingi vimepasuka, vingine bado vimebeba vijidudu tumboni mwao. Tabibu alimweleza kwamba hivyo ni chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, na kwamba hao aliowaona walikufa wakimpigania dada yake. Usaha ni maiti za walinzi. Msichana alirudi nyumbani. Hakuacha kuona kinyaa, hata siku moja hakuacha, lakini tangu hapo kila kilichomtia kinyaa alitaka pia kukijua.

Chuoni, ambako mwezi wa kwanza alitapika kila siku ya vitendo mpaka wenzake wakamwekea ndoo yake mwenyewe, alijifunza jambo lililomfurahisha. Kinga ya mwili haianzi kwenye damu. Kabla ya chembe nyeupe kuna ngozi, kuna machozi, kuna mate, kuna ute wa puani. Na kabla ya hivyo vyote kuna bawabu mmoja asiyelala, naye ni kinyaa. Ndiye anayekurudisha nyuma usile kilichooza. Bi Pua alisoma ukurasa huo mara tatu. Watu walikuwa wamemcheka maisha yake yote kwa sababu bawabu wake alikuwa na bidii kuliko wa wenzake, basi.

Mwaka ambao habari hii inatokea, maabara ilikuwa na utafiti wa chanjo ya surua. Chanjo, kwa maneno ya Bi Pua mwenyewe, ni kuwaonyesha walinzi picha ya mwizi kabla mwizi hajaja. Wengi wa walinzi hufa baada ya muda, lakini wachache hubaki na ile picha kichwani, na siku mwizi akitokea wanapiga kelele kabla hajavuka ua. Sasa, kuna watoto ambao siku ya kuonyeshwa picha walikuwa wamekondeana kwa utapiamlo, mbavu zinahesabika, walinzi wao nao wana njaa. Je, waliitazama ile picha? Wanaikumbuka? Kama wanaikumbuka, sindano waliyopata inatosha. Kama wamesahau, wanahitaji nyingine upesi, kwa kuwa surua haingoji mtu. Zahanati zote za eneo lile zilikuwa zikisubiri jibu hilo.

Walikusanya damu ya watoto mia mbili. Arobaini walikuwa watoto wenye afya njema, kwa ajili ya kulinganisha. Mia na sitini walikuwa wale waliowahi kudhoofu. Aliyewatoa damu ni wifi yake Bi Pua, dada wa mumewe, muuguzi mwenye mwili mkubwa na utani mwingi, aliyeweza kumfanya mtoto acheke huku sindano inaingia. Si wote waliocheka. Wengine walimpiga mateke ya tumbo, na mmoja alimng'ata.

Damu ikifika maabara, Bi Pua alizitenga chembe nyeupe, akazitia kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mwisho, akazigandisha kwenye friza kubwa ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo chembe hazifi. Zinalala. Mpango ulikuwa kuziamsha zote wiki moja, kuzionyesha vipande vya kirusi cha surua kilichouawa, na kuangalia ni zipi zinashtuka na zipi zinatazama tu kama mgeni stendi. Lakini chembe sharti ziamke zikiwa hai. Maiti haikumbuki kitu.

Mkuu wa maabara alikuwa Profesa. Alikuwa ameandika mengi juu ya kinga ya mwili, na alisikilizwa kila alikokwenda, lakini alikuwa hajashika kichupa kwa mkono wake kwa miaka mingi. Bi Pua alimheshimu kwa elimu yake na kumchukia kwa kidole chake. Profesa alikuwa na tabia ya kulamba kidole cha shahada kila alipofunua karatasi. Karatasi za maabara, zilizolala mezani pamoja na sampuli, zilizopita mikononi mwa watu sita! Alilamba, akafunua, akalamba tena. Mara nyingine, akifikiri, alichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye kalamu na kumpa mtu aandike. Kwa miaka tisa Bi Pua hakuwahi kupokea kalamu ya Profesa bila glovu.

Ijumaa moja ilijulikana kwamba Alhamisi inayofuata watakuja wageni kukagua utafiti. Wageni wa maabara wana desturi yao. Hawasomi madaftari, wanapiga picha mbele ya friza. Mtu anafungua mlango, moshi mweupe wa baridi unamwagika, mgeni anatabasamu ameshika boksi, picha inapigwa. Na friza ile ilikuwa imeota barafu nene kuta zote, imechakaa kwa macho, mlango unafunga kwa kusukumwa na goti.

Bi Pua alipoondoka Ijumaa hiyo kwenda kumwuguza mwanawe aliyekuwa na homa, Profesa aliita dereva, wakaizima friza ili barafu iyeyuke wapate kuifuta. Vichupa vya rafu ya juu, vya wale watoto wenye afya, walivipeleka kwenye friza ndogo ya baridi ile ile katika maabara ya jirani. Vilienea arobaini tu. Vilivyobaki, mia na sitini, waliviweka kwenye friza ya jiko la wafanyakazi, ile ambayo watu huweka chakula chao na ambayo wiki hiyo ilikuwa na samaki wa Profesa mwenyewe. Jumapili jioni walivirudisha vyote mahali pake, friza ikang'aa kama jino jipya.

Jumatatu Bi Pua alisimama mlangoni, pua ikamwambia. Alifungua friza, akatoa boksi la tatu. Juu ya mfuniko, limeganda juu ya tarehe aliyoiandika kwa mkono wake, palikuwa na gamba la samaki.

Alilitazama kwa muda. Lilikuwa dogo, linang'aa, limenata kwenye damu ya mtoto wa watu. Akaenda kwa Profesa na boksi mkononi, na Profesa akamweleza kwa furaha jinsi walivyofanya kazi mwishoni mwa juma bila kumsumbua.

"Jikoni kuna nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, Profesa," alisema Bi Pua. "Hapa ni themanini."

"Bi Pua, barafu ni barafu," alijibu Profesa, akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine.

Barafu si barafu, na hilo Profesa alikuwa amelifundisha darasani watu wengi. Kwenye baridi ndogo, maji yaliyo ndani ya chembe hujipanga upya yakawa vijisu, vikaipasua chembe kwa ndani. Bi Pua hakubishana. Alichukua vichupa kumi, akaviyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akatia tone la rangi ya bluu. Rangi hii ndiyo mtihani wao wa kila siku. Chembe hai hufunga mlango wake, rangi haiingii, nayo hubaki inameremeta. Chembe iliyokufa haina tena mlango. Rangi huingia na kuijaza.

Kichupa cha kwanza: bluu. Cha pili: bluu. Cha tatu hakikutaka hata kuingia kwenye pipeti, kile kimrija cha kunyonyea, kwa sababu chembe zikipasuka hutoa uzi wa ndani unaonata, na kilichokuwa walinzi wa mtoto kilivutika sasa kama kamasi la mafua. Lilining'inia kwenye ncha ya pipeti, likaanguka polepole juu ya glovu yake. Bi Pua alikwenda kwenye sinki, akatapika kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo. Kisha akanawa, akarudi, akamaliza kumi. Vyote bluu.

Profesa aliposikia matokeo alifunga mlango wa ofisi. Hakukasirika, na upole wake ndio uliomsisimua Bi Pua mwili. Alimwita dada yangu. Alimkumbusha miaka waliyofanya kazi pamoja, jinsi alivyompigania apate nafasi ya ukuu wa chumba, na jinsi wageni wa Alhamisi walivyotoka mbali. Wazo lake lilikuwa jepesi. Wale arobaini waliolala kwenye friza ya jirani wako salama. Waamshwe wapimwe, na matokeo yao yakadiriwe kwa wengine wote. Kilichohitajika ni karatasi ya hesabu, ile yenye safu ya chembe hai, ijazwe tisini kwa mia mstari kwa mstari, ili ionekane kwamba na hao wengine waliamka na kupimwa, na Bi Pua aweke sahihi chini.

"Hao arobaini watawasemea wenzao," alisema Profesa.

"Hao arobaini ni watoto walioshiba, Profesa. Hawajawahi kulala njaa. Watawasemeaje waliolala?"

"Mtoto ni mtoto."

"Kama barafu ilivyo barafu."

Profesa alisogeza kiti mbele. Kisha akachukua ile karatasi tupu, akalamba kidole, akaivuta kutoka kwenye rundo, akaisukuma mezani mpaka kwake. Pembeni, pale kidole kilipogusa, palikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa dengu. Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba mtu mmoja akianguka hapa wataanguka wote, na wa kwanza atakuwa yule muuguzi aliyewaahidi akina mama kwamba damu ya watoto wao itatunzwa.

Bi Pua alitoka na karatasi ile ndani ya mfuko wa plastiki, kama anavyobeba sampuli.

Siku hiyo alasiri wifi yake alikuja nyumbani, maana Profesa alikuwa amekwishampigia simu. Hakusalimia kwa utani kama kawaida. Alikaa kwenye kiti cha uani, kikalia chini yake, akasema moja kwa moja kwamba amekuja kumwomba. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyekunywa maji ya watu, akasifu watoto wa watu, akaapa mbele ya watu.

"Wewe ulipata vichupa, wifi," alisema. "Mimi nilipata mateke. Niende nikawaambie nini wale akina mama? Kwamba damu ya watoto wao ililala na samaki?"

"Ndiyo. Waambie hivyo hivyo."

"Watanitemea mate."

"Watakuwa wamekosea wapi?"

Wifi alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. Akamwambia Bi Pua kwamba kinyaa chake ni maringo yaliyosoma shule, kwamba wengine wanafanya kazi na watu na si na rangi ya bluu, na kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Sasa yeye anachuma na wao wote watakula. Maneno hayo yalimwingia. Alikuwa anampenda wifi huyu kuliko hata ndugu zake wa tumbo moja. Ndiye pekee kati ya wakwe aliyemletea kikombe chake mwenyewe siku ya harusi bila kuombwa.

Mume alikuwa anaosha mabuti yake karibu na bomba. Alisema bila kugeuka kwamba katika kazi yake ameshaona mabwana wengi wenye shimo lililojaa ambao, badala ya kumwita alinyonye, wanamwaga zege juu yake na kupanda maua. "Linapendeza sana," alisema. "Halafu linatokea jikoni."

"Wewe nyamaza na mavi yako," dada yake alimwambia.

"Ya kwangu angalau nayaita kwa jina lake," alijibu, akaendelea kusugua.

Wifi aliondoka bila kuaga vizuri. Bi Pua aliketi mezani na karatasi. Tusimfanye malaika: alikusudia kuweka sahihi. Alijiambia kwamba huenda watoto wale wanakumbuka kweli, na kwamba wifi ana watoto wanne wasio na baba. Alichukua kalamu. Karatasi ilikuwa imekauka, lakini pale pembeni lile doa lilikuwa limeacha mkunjo, alama ya ulimi wa mtu, na ili aandike ilimpasa kuweka kiganja juu yake. Mkono wake ulikataa. Alijaribu kuigeuza karatasi, mkono ukakataa tena. Akakaa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Akaanza kufikiri juu ya kinyaa chenyewe, kwa nini kinashikilia hapa, juu ya mate yaliyokauka ambayo hayawezi tena kumdhuru mtu. Na hapo likamjia lile alilokuwa analikwepa tangu asubuhi. Alishaona surua kwa mtoto aliyedhoofu. Aliiona wodini akiwa mwanafunzi. Macho yaliyogandana kwa usaha mpaka mama anayafungua kwa pamba yenye maji. Midomo imechanika, ndani ya mashavu kumeoza, harufu inayomfuata mtu mpaka kwenye basi. Mtoto yule alikuwa na miaka miwili, uzito wa paka. Kwenye karatasi hii, kila tisini ambayo angeandika ilikuwa ni kumwambia mama mmoja: mwanao yuko salama, nenda zako. Akina mama mia na sitini. Uchafu wote alioushika kwa miaka ishirini na miwili haukufikia huu, na huu ulikuwa umepigwa pasi, una nembo ya maabara juu, na mahali pa sahihi chini. La kuvunda halina ubani.

Hakuandika kitu. Jumanne na Jumatano aliyeyusha vichupa vyote mia na sitini, kimoja baada ya kingine, maana hakutaka mtu aje kusema kwamba kumi si mia na sitini. Alihesabu chini ya hadubini mpaka bluu ikamkaa machoni. Ule utelezi wa chembe zilizopasuka ulinata kwenye kila kitu, na alasiri ya Jumatano alikuwa hawezi hata kutazama uji. Wastani ulitoka chembe tatu hai katika mia. Alijaza safu kwa wino mweusi kwenye karatasi mpya, akaandika pembeni tarehe, nyuzi za friza ya jikoni, na maneno haya: viliwekwa pamoja na samaki. Akaweka sahihi.

Alhamisi asubuhi, kabla wageni hawajafika, aliipeleka nakala kwa katibu wa kamati inayolinda watu wanaotolewa sampuli, katika jengo la pili. Katibu aliisoma mara mbili na kuuliza kama neno samaki ni istilahi ya kitaalamu. Bi Pua alisema hapana, ni samaki.

Nakala nyingine alimpa Profesa. Profesa aliisoma akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza hakulamba kidole, kwa kuwa ilikuwa karatasi moja tu na haikuwa na upande wa pili.

"Umenimaliza," alisema.

Bi Pua alitaka kumjibu, lakini alimwona jinsi anavyojipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, mzee aliyejua kila kitu juu ya ulinzi wa mwili, na kilichompanda kifuani hakikuwa huruma. Alitoka.

Wageni walipiga picha zao. Siku chache baadaye kamati ilisimamisha ripoti ya utafiti. Profesa alisema ni umeme uliokatika, kisha akasema ni dereva, kisha akapewa likizo ndefu. Kamati iliamua kwamba damu ichukuliwe upya, kwa watoto wale wale, ila kwa sharti moja: akina mama waambiwe ukweli wote kwanza, mlangoni kwao, na wenye kukataa waachwe kwa amani.

Wifi alikaa siku tisa bila kusema na Bi Pua. Siku ya kumi alikuja maabara na mkoba wake wa sindano, akasimama mlangoni. "Haya, twende tukatemewe," alisema. "Ila wewe ndiye utakayesema neno samaki. Mimi mdomo wangu hauwezi."

Wakaenda pamoja, wakaeleza yote, ya samaki na ya karatasi ambayo Profesa alitaka ijazwe uongo. Nyumba ya kwanza mama aliwasikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na hiyo iliuma kuliko matusi. Nyumba ya tatu walitukanwa na bibi wa mtoto kwa ufundi ambao hata wifi, bingwa wa fani hiyo, aliukubali kimoyomoyo. Mwanamume mmoja aliuliza kama samaki aliliwa. Bi Pua alisema ndiyo, aliliwa. Mtu yule alitema kando ya mguu wake, si juu yake, naye Bi Pua alimshukuru moyoni kwa kipimo hicho. Kila jioni alirudi akijinukia vibaya, ingawa alikuwa hajagusa kitu.

Katika watoto mia na sitini walirudi tisini na saba. Mmoja alikuwa binti wa dobi, miaka mitatu, miguu bado myembamba. Mama yake alikuwa na mikono iliyonyauka kwa maji na sabuni, na alikubali kwa masharti yake. Sindano itaingia mbele yake. Damu atafuatana nayo kwa miguu mpaka maabara. Na siku ya kuiamsha atakuwepo.

Alifuatana nayo. Alisimama nyuma ya Bi Pua saa tatu nzima, mtoto mgongoni, akitazama kila alichofanya, na friza ilipofunguliwa aliingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko kabla mtu hajamzuia, akautoa haraka na kuupuliza. Ndipo akaridhika kwamba ni baridi.

Wiki ya kuamsha alikuja tena. Bi Pua aliyeyusha kichupa cha binti huyo, akatia bluu, akamwita mama aweke jicho kwenye hadubini. Chembe zilimeremeta, tisini na mbili katika mia, hai zote hizo. Baadaye zikaonyeshwa kirusi kilichouawa, zikapewa muda wake, na siku mbili zilizofuata mama alikuja na kuketi kwenye benchi la korido akisubiri. Bi Pua alipima mara mbili kwa sababu hakupenda alichokiona. Chembe zilikuwa hai na nzima, lakini hazikushtuka. Zilimtazama mwizi kama hazijapata kumwona maishani. Kati ya wale tisini na saba, hamsini na watatu walikuwa hivyo.

Alitoka kwenye korido, akachuchumaa mbele ya mama, akamweleza. Walinzi wa mtoto wako hai, lakini hawakumbuki. Ni lazima achanjwe tena, na wifi yuko tayari chumba cha pili.

Mama alifikiri. "Ile karatasi ya kwanza," alisema. "Mngekuwa mmeandika nini juu ya huyu?"

"Kwamba anakumbuka."

"Na mimi ningeamini."

"Ungeamini."

Mama yule alimtazama. Alimtazama kuanzia koti jeupe mpaka viatu, na mdomo wake wa juu ukainuka taratibu, kama mtu anayeangalia kilichobaki kwenye unyayo wa kiatu chake. Bi Pua hakuinamisha uso. Uso kama ule aliufahamu vizuri, na aliona kwamba uko mahali pake.

Kisha mama akamgeuza mtoto aliyekuwa amesinzia, akamkunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Haya, tupeleke," alisema.